Nusu Kichwa

Wateja wake humwita Vidole, na ni nadra mtu kuuliza jina lake la kweli. Kwa miaka mingi alisukia katika chumba cha kupanga kando ya stendi, chenye kioo kilichopasuka pembeni na benchi lililolainishwa na makalio ya wanawake wa mtaa mzima. Rafiki yake, Bashasha, alianza kama mteja, akawa msaidizi wa kufungua paketi za nywele bandia, mwisho akawa ndugu. Walikuwa chanda na pete.

Safari ya kisiwani ilikuwa wazo la Bashasha. "Umechoka, mwenzangu. Gharama juu yangu, wewe beba kitana chako tu."

Jioni ya kuamkia safari, mke wa mwenye nyumba alikuja kusukwa. Akiwa ameinamisha shingo, akasema kwa huruma, "Tutakukumbuka ukishahama. Ila Bashasha naye mchapakazi, chumba hakitalala."

Vidole hakushtuka, au mikono yake haikushtuka. Aliendelea kusuka, na kwa maswali madogo madogo akapata yote. Bashasha alimwendea mwenye nyumba kisirisiri, akamwambia Vidole anaacha kazi. Chumba kingekuwa chake mwisho wa mwezi. Safari ilikuwa ya kumpoza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mwingine angepiga kelele. Vidole alifunga begi.

Siku ya kwanza walizunguka kisiwa kama wageni wengine. Walipanda ngazi za mnara wa taa hadi magoti yakalalamika, wakapita kwenye magofu ya ngome, wakala pweza wa kuchoma mwenye ndimu na pilipili. Bashasha alilipia kila kitu na kucheka kila kitu.

"Kula, dada, usione aibu."

"Nakula," Vidole akajibu. "Nahitaji nguvu."

Kesho yake alasiri mpiga picha wa ufukweni angekuja. Bashasha alitaka picha kubwa akiwa na msuko mpya. "Ya ukumbusho tu," alisema. Vidole alijua ukumbusho huo ungetundikwa wapi: juu ya mlango wa chumba chake, kazi ya mikono yake ikimwitia mwizi wateja.

Asubuhi alimketisha kwenye mkeka barazani pa nyumba ya wageni, kichwa kati ya magoti, akagawa nywele kwa mkia wa kitana. Alisuka vizuri kuliko siku zote. Kusuka vibaya hakujui, hata kwa adui. Mistari myembamba ilitoka kwenye paji la uso ikalizunguka sikio la kushoto. Alipofika katikati ya utosi alifunga msuko wa mwisho, akaweka kitana chini, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Kutembea. Si tumekuja kutembea?"

"Na huku?" Bashasha alishika upande wa kulia, ambako nywele zilisimama kama zimesikia habari mbaya.

"Huko atakumalizia mwenye chumba mpya."

Bashasha aliushusha mkono kutoka kichwani. Kisha akasema, "Nilikuwa nataka kukwambia."

"Lini? Kabla ya pweza au baada?"

"Usiwe hivyo, dada."

"Mpigie mwenye nyumba sasa hivi, nikisikia. Mwambie ulimdanganya. Kisha nitakumalizia, upendeze mpaka uone haya kujitazama kwenye kioo."

Bashasha aliitazama simu, akaigeuza kifudifudi. Akachukua kitambaa, akajifunga kichwa. "Wasusi wamejaa. Usidhani uko peke yako duniani."

Alielekea sokoni. Vidole alimfuata kwa mbali, akanunua kipande cha tikiti maji, akasimama kando ya meza za wasusi. Msusi wa kwanza aliinua kitambaa, akautazama upande wa kushoto kwa muda mrefu.

"Kazi ya nani hii?"

"Ya mtu tu."

"Huyo mtu amekufa?"

"Hapana."

"Basi kichwa kina mwenyewe. Hatushiki kichwa alichoanza mwenzetu bila ruhusa yake. Rudi akumalizie."

Wa pili alisema vilevile. Wa tatu aliuliza kwa sauti, "Kwani ulimfanyia nini?" na meza nzima ikaangua kicheko. Tikiti lilikuwa tamu. Vidole alilila mpaka kwenye ganda.

Walirudi kwa boti moja, mmoja mbele, mwingine nyuma.

Chumba Bashasha alikichukua. Picha nayo ilipanda juu ya mlango: anatabasamu ufukweni, kitambaa kimemshuka mpaka kwenye nyusi. Vidole amekodi kibaraza cha fundi viatu, ng'ambo ya barabara. Kulikuwa na vibaraza vizuri zaidi, lakini hiki kinatazamana na mlango ule.

"Huyu anauza vitambaa?" mteja mmoja aliuliza juzi, akiitazama picha.

"Sijui, mama. Karibu ukae."

Kitana chake kizuri kilibaki kwenye mkeka siku ile. Akiinua macho humwona Bashasha akikitumia. Hajakidai, wala hatakidai. Anasema kitaletwa siku moja na aliyekichukua, kwa miguu yake, akivuka barabara mbele ya wateja wote. Siku hiyo atamuuliza kama bado anataka kumaliziwa upande wa kulia.