Mwamba wa Kutazama Ng'ambo

Nilipokuwa mtoto kule Nyamwaga, mimi ndiye niliyekuwa macho ya bibi yangu. Si kwamba alikuwa haoni. Alikuwa anaona vizuri mno, na ukidokoa mnofu jikoni kabla ya wakubwa, ole wako. Lakini palikuwa na mahali pamoja alipokatazwa kutazama, na hapo ndipo aliponihitaji.

Nyuma ya mji wetu, yaani boma letu, kulikuwa na mwamba uliochomoza juu ya bonde la Mto Mara. Ukisimama pale unaona mto ukijikunja, migomba ukingoni, na mashamba ya mtama na mihogo yakipanda mpaka ng'ambo, upande wa Serengeti. Huko ng'ambo ndiko alikozaliwa bibi. Wazee wetu walisema mwanamke aliyetolewa ng'ombe wa mahari asisimame juu ya mwamba kutazama mji wa baba yake. Akitazama, ng'ombe wa mumewe watafuata macho yake: watakonda, watakufa, na mji utabaki mtupu. Kwenda kusalimia kwa miguu haikuwa mwiko, mradi abebe pombe na apokelewe mlangoni. Ila magoti ya bibi yalishakataa safari, na kuvuka mto ule wenye mamba si mchezo.

Mdogo wake, Marwa, ndiye aliyebaki katika mji wa baba yao. Waliagizana kupitia wafanyabiashara wa ng'ombe kwamba kila siku ya mnada, asubuhi, Marwa achome majani mabichi ili moshi umjulishe dada yake kwamba yu mzima. Basi siku ya mnada ikifika tulipanda mwambani mimi na bibi. Yeye aliligeuzia bonde mgongo, akawa anatazama mapaa ya kwetu, na mimi nikatazama ng'ambo.

"Upo?"

"Upo, bibi."

Basi, tumemaliza. Anajifunga khanga vizuri, tunashuka. Hakuuliza kingine, nami sikuongeza neno, maana nilikuwa na haraka ya kurudi kucheza.

Asubuhi moja, baada ya mvua nyingi, moshi haukuwepo. Nilikodoa macho mpaka yakatoa machozi. Bibi akauliza, nikamwambia haupo. Akanisihi nitazame vizuri, pale penye mkuyu mkubwa, na nikamwambia mkuyu nauona ila moshi hakuna. Kisha bibi yangu, aliyeogopa mwiko kuliko nyoka, akageuka.

Hakulia. Alitazama mkuyu kwa muda mrefu. Halafu macho yakaanza kutembea polepole, yakafuata mto, yakapanda kwenye mashamba, yakarudi kwenye migomba. Akaweka mkono kifuani.

"Mbona hukuniambia ni kuzuri hivi?" akaniuliza.



Jioni yake tulipata habari kwamba Marwa amefariki. Na kabla matanga hayajaisha, ng'ombe wetu wawili wakafa, akafuata mtamba mzuri aliyekuwa na mimba. Baba mkubwa, ambaye ndiye alikuwa kichwa cha mji, akawakusanya watu na kuuliza nani alikwenda mwambani. Mimi nilijificha nyuma ya mama. Bibi alijibu mwenyewe, bila kuzunguka, kwamba alitazama.

Hakufukuzwa, hakupigwa. Alipika pombe, wazee wakainywa, wakasema yamekwisha. Yameisha wapi! Maziwa yakigawanywa, kibuyu chake kilikuwa cha mwisho. Ndama akihara, watu walimtupia bibi jicho. Naye alikubali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi: aliamini kabisa kwamba ni yeye aliyewaua wale ng'ombe. Mwambani hakupanda tena.

Ilikuwa ndigana, homa ya ng'ombe inayoletwa na kupe. Leo nasema wazi, maana nami nimefuga na kuzika ng'ombe wangu. Mwaka ule kupe walizaana kwa sababu ya mvua, na hata miji ambayo wanawake wake walizaliwa palepale kijijini ilipoteza mifugo. Watu wazima walijua. Lakini lawama ikishapata pa kukaa, nani ataihamisha?

Siku hizi mwamba ule umekuwa mahali pa kutembelea. Chini yake kijana mmoja amepanda mipesheni na kuitambaza kwenye nyaya, safu kwa safu, na vijana huja Jumapili kupiga picha. Juzi nilipanda na wake za wanangu, wote wametolewa ng'ombe. Mmoja kwao ni ng'ambo, karibu na Nyambureti. Akasimama ukingoni, akamwonyesha mwenzake uelekeo wa kwa baba yake, anacheka. Hakuna aliyemkemea. Nilifurahi kwa ajili yake, na papo hapo nikapatwa na hasira nisiyojua nimwelekeze nani.

Miaka mingi kabla ya hapo, bibi alipokuwa anaumwa ule ugonjwa uliomchukua, nilimuuliza kama anajuta kutazama.

"Najuta," akasema. "Najuta nilianza nikiwa mzee."

Aliomba nimweleze bonde lilivyo sasa. Nilikaa kando ya kitanda, nikafungua mdomo, na nikagundua sina cha kumweleza. Misimu yote ile nilisimama pale juu kwa niaba yake, na nilichokuwa nimetazama ni moshi tu.