Sakafu ya Kichuguu na Mguu wa Daudi

Siku ya kwanza kazini nilivaa tai. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, cheti bado kinanukia wino, na mie nilijiona msomi wa kutikisa nchi. Nikaripoti Temeke kwa Bwana Ustawi, mkuu wa kituo cha ustawi wa wakazi, mtu mwenye sauti ya kuwahamisha kunguru wote wakahamia Kigamboni. Akakisoma cheti, akaitazama tai, akanikabidhi ndoo na shindilio.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Nadhani mie ni karani," nikasema.

"Marahaba. Karani ninaye. Sina mtu wa kutunza sakafu ya dansi. Na hiyo tai ivue, isije ikakunyonga."

Nyie mliozoea kumbi za vigae hamwezi kujua. Miaka ile ya mwanzo wa Uhuru, jioni za joto la kaskazi, kituo chetu kilitoa dansi la bure, nje, peupe, kwa watu wasio na kiingilio cha kumbi za mjini. Kinanda cha santuri kiliunganishwa na betri ya lori, kipaza sauti kikapandishwa mlingotini, zikalia chacha na rumba za Kuba. Jioni hiyo ukimkuta mtu kabaki nyumbani, ujue ni mgonjwa au ni mwizi.

Tatizo lilikuwa mchanga. Temeke ni mchanga mtupu, na chacha haichezeki mchangani. Mguu unazama, utadhani unang'oa mihogo. Kwa hiyo tulileta udongo wa kichuguu, ule unaojengwa na mchwa, tukauponda, tukaulowesha kidogo, tukaupiga kwa shindilio, yaani gogo zito lenye mpini, kisha tukausugua kwa jiwe mpaka ulainike. Kabla ya muziki nilinyunyiza pumba za mpunga ili viatu viteleze. Na kila mwaka, masika yakikaribia, tuliifunika sakafu yote kwa makuti, kwa sababu kichuguu kikinyeshewa mfululizo hurudi kuwa tope. Bila kujisifu, sakafu yangu iling'aa hata Bwana Ustawi angeweza kujitazama humo akinyoa ndevu.

Hapo ndipo alipokuja Daudi. Alikuwa mtu wa Masasi, kuli wa bandarini, mpaka kasha la vyuma lilipokatika kwenye kreni likamwangukia. Mguu wa kushoto ukakauka kama mpini wa jembe. Akitoka nje, fimbo yake inazama mchangani, anaanguka, watoto wanacheka. Akaacha kutoka. Mkewe Salome, aliyekuwa akiwafulia watu nguo, ndiye aliyemleta jioni moja, kamwegemeza begani.

Akaigusa sakafu kwa fimbo. Haikuzama. Akagusa tena. Kisha akanirushia fimbo.

"Nishikie, fundi."

Chacha ina vihatua vitatu vya harakaharaka. Vile viwili Daudi alivikanyaga kama sote, kwenye cha tatu akauburuza ule mguu mkavu, taratibu, sawasawa na ngoma, kidevu juu. Salome alikuwa amemshika kiganja tu, wala si bega.

Vijana wakadhani ni mtindo mpya wa Havana! Haikupita wiki, Temeke nzima inachechemea. Watu wazima wenye miguu yao miwili ya kazi, wanaburuza. Akaja kijana mmoja kutoka Kinondoni, suruali pana kama tanga, akamwamkia Daudi vizuri, halafu akauliza:

"Braza, huo mtindo unaitwaje?"

"Buruza."

"Umetoka wapi?"

"Bandarini."

"Kumbe! Umeshuka na meli?"

"Umeshuka na kreni," akajibu Daudi, na Salome akacheka mpaka akaukumbatia mlingoti.

Miaka ikaenda hivyo. Bwana Ustawi akahamishwa, akaja Ndugu Katibu, mtu mwembamba, mkweli, aliyefanya kazi kama watu kumi na kula kama kuku. Ilikuwa miaka ya chakula haba, mvua zimetukimbia, na agizo lilikuwa kila kipande kilimwe. Akasimama katikati ya sakafu yangu.

"Ndugu, uwanja huu unazaa nini?"

"Unazaa harusi, Ndugu Katibu."

Hakucheka. "Sie tunataka unaozaa mahindi."

Majembe yalikuja, yakadunda kama yamepiga reli. Nikafurahi mno. Lakini Ndugu Katibu hakuwa mjinga, aliyakumbuka makuti. "Mwaka huu msifunike," akasema. "Masika yatatulimia."

Daudi alikwenda kumwona. Mie nilimshika mkono njia nzima, maana mchanga ulikuwa mchanga uleule.

"Ndugu Katibu, nibakizieni kipande cha watu wawili tu. Funikeni hicho. Pengine pote nitapalilia mie."

"Kwa mguu huo, ndugu yangu?"

Daudi akautazama mguu. Katibu akashusha sauti. "Nikikuachia wewe kipande cha kuchezea, nitamwambia nini mama mwenye watoto wenye njaa?"

Nikamshika Daudi mkono, tukarudi mchangani na swali lile. Mpaka leo ninalo.

Nilimwambia Daudi nitamwekea kichuguu uani kwake, pale kwenye kamba za nguo. Akakataa. "Fundi, uani natembea hata sasa kwa kushika ukuta. Mie nilitaka watu wanione nimesimama."

Jioni ya mwisho mawingu yalikuwa yameinama. Ilipoadhiniwa magharibi nikainua sindano ya kinanda, kama desturi yetu, na wachezaji wote wakasimama walipo mpaka adhana iishe. Daudi alisimama katikati, mkono wa Salome kiganjani, bila fimbo. Nilipoishusha sindano, tone la kwanza likaanguka. Wengine walikimbia. Wale wawili waliburuza mpaka sakafu ikaanza kunata viatuni.

Mahindi yalipandwa. Yalitoka manjano, mafupi, hata mbuzi waliyapita wakinung'unika. Sakafu haikurudishwa. Mie nikahamishiwa Kinondoni, stoo ya viti, na huko nilikaa mpaka nikastaafu. Daudi aliwekewa kiti mlangoni kwake, akakikalia miaka mingi. Nilipokwenda kumwona alizungumza habari za bei ya sabuni. Habari za dansi hakuzitaja. Siku ya kumzika, wabebaji walizama mchangani mpaka vifundoni.

Mnaniuliza wazee wenu tulifanya kazi gani. Mie nilitengeneza ardhi ngumu, basi, na mvua ya msimu mmoja ikaichukua. Siwezi kuipamba zaidi ya hapo, na mnajua napenda kupamba.

Juzi nilialikwa harusi Chamazi. Salome naye alikuwepo, bibi mkongwe, kaletewa kiti cha mbele. Muziki ulikuwa wa kupasua masikio, sikuambulia neno. Ghafla vijana wakajipanga mstari, hatua mbili, ya tatu wanaburuza mguu. Nikamwita mmoja, nikamuuliza kajifunza wapi.

"Ndivyo inavyochezwaga, babu. Ya zamani hiyo."

Salome akainuka polepole, akamshika yule kijana kiganja, wala si bega. Akamtazama miguuni.

"Si huo, mjukuu wangu. Ulikuwa wa kushoto."

Kijana akabadilisha mguu. Salome akarudi kwenye kiti chake, akajifunika kanga mpaka usoni.