Binti Aliyekataa Kuimba

Mwaka wa vita vya Kagera nilikuwa mwalimu wa Darasa la Nne karibu na Mafinga, kijana, mkali, mwenye uhakika wa kila kitu. Samaki mkunje angali mbichi, walitufundisha chuoni, nami nilikuwa mwepesi wa kukunja.

Kila asubuhi watoto walikimbia mchakamchaka, miguu mitupu kwenye umande wa baridi, wakiimba nyimbo za vita. Watoto wa wanajeshi tuliwaweka mbele. Ilikuwa heshima, na wazo lilikuwa langu. Nilijisifu nalo hadi ofisini.

Mmoja wao, binti ambaye baba yake alikuwa amekwenda vitani, hakuimba. Alikimbia ameibana midomo kama anayekataa dawa. Nikaona ni kiburi. Wiki ya kwanza nilimvumilia. Ya pili nikachukua fimbo, nikamchapa mpaka akaimba, beti zote, kamasi zikimtiririka. Wenzangu walinipongeza.

Mchana alijikojolea darasani. Hapo ndipo nilipopata akili ya kumuuliza badala ya kumchapa tena.

"Mwalimu, ule wimbo si unasema tuko tayari kufa," alisema, akitazama sakafu. "Sasa mimi nikiimba, si namtoa baba afe?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Tangu siku hiyo hakukimbia tena mchakamchaka. Wenzake wakiwa barabarani, tulikaa wawili darasani, yeye akifuta ubao, mimi nikisahihisha madaftari, na polepole akaanza kunisimulia baba yake anavyopasua kuni, anavyopiga mluzi akinyoa ndevu. Mwalimu mkuu alisema namdekeza. Nilimjibu vibaya, na sijutii. Hakujikojolea tena. Nikajiona nimemponya.

Kisha habari ikafika kwao kwamba baba hatarudi. Walimu tulikwenda msibani. Nilimkuta binti nyuma ya jiko, amekaa juu ya gogo peke yake, nikakaa kando yake.

"Niliimba siku moja tu, Mwalimu," akasema.

Nilimweleza kwamba wimbo hauui mtu, kwamba risasi hazisikilizi watoto. Alinisikiliza kwa adabu, mikono mapajani, na niliona haamini hata neno. Basi nikamwambia lililobaki: kama kuna kosa si lake, ni langu mimi niliyemlazimisha.

Akasimama wima, kama tulivyowazoesha kusimama wanapomjibu mwalimu.

"Ndiyo, Mwalimu."