Fundi Blandina na Usingizi wa Rania

Kwa miaka kumi na tisa Blandina alishona sare za shule barazani pa duka la vitambaa la Hamud, mtaa mmoja tu kutoka sokoni Kariakoo, na katika muda wote huo hakuna aliyewahi kumsikia akitaja kipimo cha mtoto kwa sauti. Mafundi wenzake walipima huku wakitangaza, kiuno hiki, kifua kile, mpaka wapita njia wakajua mtoto wa nani amenenepa na wa nani amekonda. Yeye alizungusha utepe, akaandika daftarini, akasema, "Haya, mwanangu, kacheze." Akina mama walimpenda kwa hilo. Walitoka hata Magomeni kumfuata, wakiwapita mafundi wengine njiani.

Rania, binti wa Hamud na mkewe Nunu, alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mnene tangu darasa la kwanza, na wazazi wake walimshukuru Mungu kwa hilo. Wapagazi walimwita Kibonge. Mudi, mwenye mkokoteni, hakuchoka kumtania: "Kibonge, panda nikupeleke! Ila kwenye mlima unisaidie kusukuma." Siku nyingine Rania alicheka. Siku nyingine aliingia dukani bila neno, akajilaza juu ya majora ya kitambaa, na kabla fundi hajamaliza kutunga uzi sindanoni, mtoto alikuwa amekwisha kulala.

Januari hii, shule zikikaribia kufunguliwa, Blandina alimpima shati jipya. Alipofika shingoni, utepe ulimshtua. Kola ya mtoto huyu ilikuwa imeipita ile aliyomshonea mwanawe Rogath alipokuwa kidato cha pili. Rania mwenyewe alisimama akiyumba, macho nusu yamefumba.

"Mama Rogath," alinong'ona, "kila nikiamka kichwa kinaniuma. Na mwalimu amesema nikilala tena darasani nitakariri darasa."

Alasiri ile Rania alilala tena juu ya majora. Siku zote mlio wa cherehani ulikuwa ukiumeza mkoromo wake, lakini safari hii Blandina aliinua miguu kwenye pedeli akasikiliza. Mkoromo, mkoromo, kisha kimya. Kifua kilihangaika kupanda, ila hewa haikupita. Ghafla mtoto aligutuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini, akarudi kulala. Ikatokea tena. Na tena.

Kumwambia mtu kwamba mwili wa mwanawe umezidi ni kujitafutia kuitwa mwenye kijicho, sembuse mtu huyo awe ndiye mwenye baraza unayoketi. Blandina alishona sketi nzima akilifikiria jambo hilo, na ilimbidi afumue marinda mawili aliyoyakosea. Kisha akaingia ndani.

"Mama Rania, mtoto akilala hapumui vizuri. Na mwili umemzidi. Mpelekeni hospitali."

Nunu aliweka mkasi mezani. "Umemzidi? Hata mashallah husemi! Mwanangu anakula, anashiba, anakoroma kama babu yake. Kosa lake nini?"

"Hana kosa."

"Basi mwache! Shuleni mvivu, mtaani Kibonge, na wewe mama Rogath, niliyekuwa nakutegemea, nawe umeanza kumchungulia mwili?"

Blandina hakujitetea. "Mashallah," alisema taratibu. "Kesho akilala, mimi nitaacha kushona, wewe uzime feni. Tukae naye tu, tumsikilize. Nikiwa nimekosea, cherehani yangu nitaihamisha mwenyewe."

Nunu aliuchukua tena mkasi, akaendelea kukata kitambaa. Lakini kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, feni ilizimwa. Wanawake wawili waliketi katika joto lile huku jasho likiwatiririka, na mtoto akaanza kukoroma. Nunu alitabasamu, kana kwamba anasema, si unaona? Mara kimya kikaingia. Blandina alianza kuhesabu kwa vidole, bila sauti, mwenzake akivitazama. Vikaisha vya mkono mmoja. Vikaisha vya mkono wa pili. Akaurudia wa kwanza, na alipofika kidole cha tatu Nunu alimrukia binti yake na kumtikisa. "Rania! Rania, mama! Vuta pumzi!"

Jumatatu walikwenda hospitali. Ilikuwa wiki ambayo fundi wa sare hapati hata nafasi ya kunywa chai, lakini Blandina aliifunika cherehani akafuatana nao. Daktari alipouliza unene ulianza kuongezeka lini, Nunu alimgeukia Blandina. Blandina alifungua daftari, akamsogezea daktari, akaweka kidole kwenye mistari ya Rania ya miaka mitatu, na hakutamka tarakimu hata moja. Mtoto alikuwa pale, anasikiliza.

Daktari alieleza kwamba tezi za kooni zilikuwa zimekua mno, na unene wa shingoni ulizidi kuibana njia ya hewa. Usingizi wake ulikatikakatika kila usiku. Ndiyo sababu ya kusinzia mchana na kuumwa kichwa.

"Huyu si mvivu," alisema. "Amechoka."

Tezi zingetolewa. Unene nao ungepunguzwa polepole, kwa chakula bora na kutembea, nyumba nzima pamoja, bila mtoto kutengewa sahani wala kuchekwa. Hamud, ambaye kila jioni alishiriki chipsi na soda na binti yake, aliuliza kama na yeye yumo.

"Wewe ndiye wa kwanza, baba."

Upasuaji ulifanyika Februari. Mchana ule Blandina alikuwa anatia vifungo simu ilipoita.

"Mama Rogath! Amelala, lakini simsikii! Hakoromi kabisa!"

"Kifua kinapanda?"

"Kinapanda."

"Weka kiganja karibu na pua."

Kwa muda zilisikika sauti za wodini tu, na kitoroli kikipita. Kisha Nunu akaanza kulia.

"Naisikia. Inakuja, inakwenda. Inakuja tena, mama Rogath, wala haikatiki."

"Alhamdulillah. Basi mwache apumzike."

"Muuguzi naye anasema niondoe mkono."

"Uondoe."

"Siuondoi."