Mkebe wa Karani

Jioni moja wiki iliyopita nilikuwa dukani Ikonge nikingoja kupimiwa sukari. Karani mgeni wa kituo cha chai akapita barabarani, kaptura ya khaki na soksi ndefu, mikono mitupu. Alifika darajani, akageuka, akarudi polepole.

Mama aliyekuwa mbele yangu alimvuta mtoto wake karibu. "Karani, unaenda wapi?"

"Siendi popote, mama. Daktari amesema nitembee kidogo kila jioni, moyo utulie."

"Na jana?"

"Jana pia, popote tu."

Mwenye duka aliacha kupima. Huku kwetu mtu hutoka na jembe, na mzigo, au na habari ya msiba. Anayepitapita mbele ya maboma ya watu bila safari ana jina lake, na mama alilisema chini chini: "Omorogi." Mchawi. Nimewahi kuona nyumba iliyochomwa kwa neno hilo. Wanaume wawili waliokuwa barazani walisimama.

"Karani," nikasema, "umesahau mkebe wako wa maziwa." Nikamsukumia mkebe wangu mtupu.

Aliutazama, akawatazama wale wanaume, akauchukua. Wakaketi.

Tangu hapo anatembea nao kila jioni, na watu wanamsalimia vizuri. Leo nimemuuliza kama moyo umetulia.

"Ulikuwa umeanza," akasema, "mpaka jana yule mama aliponiuliza maziwa nampelekea nani."