Mwizi wa Jina la Umeboshi

Wapo watu wanaosamehe. Kuzumaki Orie si mmoja wao, na mimi Isogai Tamae, niliyekaa naye meza moja miaka yote ya kampuni ya michezo ya Hirobe, namheshimu kwa hilo. Ukimwona leo pale Sakai anafundisha watoto kinanda, miwani ikining'inia shingoni, utadhani hajawahi hata kumkanyaga siafu. Usidanganyike.

Kwao ni Minabe, Wakayama, kwa watu wa plamu. Wazazi wake walizitia chumvi, wakazianika juani, wakauza umeboshi chachu kiasi kwamba ukizitaja tu mate yanakujaa. Alijifunza kinanda shuleni, akaja Osaka kutafuta kazi, akaipata kwetu, ambako sisi wasichana, fundi au si fundi, ndio tuliopiga deki na kuandaa chai.

Hirobe haikuanza na televisheni. Baada ya vita Mzee Hirobe alikunja bati kwa mikono yake, akatengeneza panzi wa kuchezea. Baadaye wakaja farasi wa kutikisika wanaokaa juu ya mapaa ya maduka makubwa, mtoto anatia sarafu anapanda. Kisha mashine za kwenye kumbi za michezo, na mwishowe, kila nyumba ilipopata kifaa cha kuchezea kwenye televisheni, kaseti za michezo za kuchomeka humo. Kaseti iliyotutoa kimasomaso ni Chura Mbeba Tofu. Chura anaruka paa kwa paa na ndoo ya tofu laini ya soya kichwani, ole wake amwage. Chura nilimchora mimi, nukta kwa nukta, kwenye karatasi ya mirabamiraba. Muziki ulikuwa wa Orie. Kifaa chenyewe kilikuwa na sauti chache za kukwaruza, lakini alizipanga mpaka watoto wakawa wanaenda shule wakiuimba.

Jina lake hukuliona popote. Siku zile kampuni za michezo ziliogopa wapinzani wasije wakazinyakulia watu, kwa hiyo mwisho wa mchezo tuliandikwa kwa majina ya kubuni. Mimi nilikuwa Kidole Gumba. Orie alikuwa Umeboshi.

"Baba akiliona atajua ni mimi," aliniambia. "Nani mwingine angejiita plamu ya chumvi?"

Baba yake, mzee wa watu, akanunua kifaa ili alisome jina hilo. Hakujua kucheza. Majira yote ya baridi chura wake alikuwa anatumbukia mfereji uleule, mpaka mtoto wa jirani akamwonea huruma, akamfikisha mwisho. Baba akapiga simu kazini kwetu, sauti imejaa mpaka mimi wa meza ya pili naisikia: "Nimekuona, mwanangu! Nimekuona!"

Sasa nimtaje Nezu. Huyu alikuwa mkuu wa sehemu yetu, mtu wa tai za hariri na mafuta ya nywele, asiyeweza kupiga hata filimbi. Gazeti moja la watoto lilitaka kumpiga picha Umeboshi. Kampuni ikakubali, mradi jina halisi lisitajwe. Orie akaenda kutengeneza nywele. Aliporudi akamkuta Nezu amevaa miwani myeusi, amekumbatia kinanda, taa za mpiga picha zinammulika usoni.

"Mkuu, hiyo ni nafasi yangu," Orie akasema.

"Dada Orie, usiwe mtoto. Nani ataamini kuwa muziki ule ni wa msichana anayetuletea chai? Ni kwa manufaa ya kampuni."

Gazeti likatoka. Baba yake akapiga tena, safari hii kwa sauti ya chini. "Orie, kumbe Umeboshi ni mwanamume mwenye tai? Haidhuru. Hukuwa na haja ya kunidanganya. Mimi najivunia hata kama kazi yako ni kumimina chai tu."

Orie alirudisha simu taratibu, uso mweupe kama karatasi. "Baba anadhani mimi mwongo," akasema. Hakulia. Ningependa angelia, maana kile nilichokiona machoni mwake kilinitisha.

Nezu naye mchuzi ulimkolea. Akaanza kutoa saini kwa watoto. Akamwambia hata Mzee Hirobe kwamba Umeboshi ni yeye, na Mzee, ambaye hakuwahi kupanda ghorofa yetu, akaamini. Kaseti ya pili ya Chura ilipoanza kutengenezwa, Nezu akampa Orie jina jipya la kubuni. Akalichagua mwenyewe, akacheka mwenyewe: Chai.

"Haya, Chai," aliita mbele ya wote, "tutungie kitu kitamu. Umeboshi atakionja!"

"Sawa, Mkuu," Orie akajibu, akainamisha kichwa.

Mchana ule, tukila wali wetu, akaniuliza kama naweza kumchora Mzee Hirobe katika umbo la chura. Nikamwambia kwamba kwa kitambi kile, chura tayari yupo, kazi ni kumpaka kijani tu. Ndani ya kaseti palikuwa na nafasi ndogo iliyobaki upande wa sauti, na huko Orie ndiye aliyekuwa na funguo. Tukaficha humo chumba cha siri. Ukibonyeza vitufe kwa mpangilio fulani pale mwanzoni, anatokea chura mnono mwenye kipara cha Mzee, na maneno: MZEE HIROBE ANAKUNYWA JASHO LETU. Chini yake, saini: UMEBOSHI.

Tulikuwa tumembana Nezu kila upande. Aseme si yeye, jina limrudie Orie. Aseme ni yeye, afukuzwe. Sijutii hata chembe. Nilikilamba kisasi kile kabla hakijaiva.

Kaseti zikaingia madukani Desemba, watoto wakazinunua kwa pesa zao za mwaka mpya. Kilichochomwa ndani ya kaseti hakifutiki. Haikupita muda mtoto mmoja wa Nagoya akakifumania chumba, na gazeti lilelile la watoto likakichapa ukurasa mzima.

Asubuhi iliyofuata Mzee Hirobe akaja mwenyewe kwenye mkutano wa kuanzia kazi. Tulisimama kwa mistari kama kawaida. Akalinyanyua gazeti.

"Umeboshi ni nani?"

Nikamwona Nezu akimeza mate. Nikabana meno nisicheke.

Hapo ndipo tulipojidanganya, sisi tuliozaliwa na kukulia Japani humu humu. Tulisahau kwamba kwetu mtu akianguka kifudifudi kiasi cha kutosha, husamehewa hata alichokivunja. Nezu alipiga magoti na suruali yake ya bei, akaweka viganja chini, akabandika paji la uso sakafuni.

"Ni mimi, Mzee! Uchovu wa kazi ulinipumbaza. Nifukuze, nastahili!"

Mabega ya Mzee yakashuka. Akalitazama gazeti tena, na mdomo ukaanza kumcheza.

"Nilipokuwa mfua bati," akasema, "nilimchora tajiri wangu kwenye ngoma ya kuchezea. Nilimchora nguruwe." Watu wakacheka, wengine wakapangusa macho. Yule mwizi alikuwa anatoka pale kipenzi cha watu, na jina limekuwa lake milele.

"Yamekwisha," Mzee akasema. "Inuka, Umeboshi."

"Naam, Mzee," Orie akaitika.

Akatoka kwenye mstari, akasimama mbele. Angenyamaza, angebaki na kazi. Kijana mmoja wa mauzo akamnong'oneza, "Rudi, dada, wazimu huo!" Hakumgeukia.

"Umeboshi ni jina la kwetu. Muziki ni wangu, na tusi ni langu. Huyu anaomba radhi kwa kosa la mwingine ili asirudishe mali ya wizi."

Mzee akamtazama mtu aliyelala miguuni pake. "Nezu. Ni kweli?"

Nezu akazidi kukandamiza uso sakafuni. Jasho lilikuwa linamdondoka puani.

"Na chura nilimchora mimi," nikaropoka, maana sikutaka kukosa utamu.

"Nyie wawili, mnatoka leo," Mzee akasema. Sauti yake ilikuwa baridi. "Matusi hayo nilikuwa nimeyasamehe kwa mtu mkweli, kumbe hayupo hata mmoja. Wewe Nezu, sijakwambia uinuke. Haya, wote, kiapo!"

Ofisi nzima ikaanza kukariri kiapo cha Hirobe, kama kila asubuhi, juu ya mgongo wa Nezu: tuseme kweli, tuchape kazi, tuwafurahishe watoto. Sisi tukachukua mikoba. Orie alipomfikia Nezu akachuchumaa, akamsogelea sikioni, na kwa sauti ileile ya kukaribisha chai akamwambia:

"Jisikie nyumbani, Mkuu. Sakafu hiyo nimeipiga deki asubuhi hii, kwa ajili yako."