Jina la Baba Kwenye Kadi ya Pikipiki

Shangazi yangu Sindano alikataa kushuka kwenye pikipiki yake, na mpaka leo baba yangu anasema alivunjiwa heshima. Avunjiwe tu! Nilikuwepo, isipokuwa kile kipande cha barabarani, ambacho nakisimulia kama shangazi alivyonisimulia.

Sindano ni jina la utani. Ni mdogo wake baba, anashona sare za shule, na mimi ndiye wa cherehani ya pili, natia vifungo na kupinda suruali. Miaka tisa alisambaza sare kwa pikipiki nyekundu, akiendesha mwenyewe, marobota mawili nyuma yamekazwa kwa mpira wa tairi. Sasa magoti yalianza kumsumbua, na alikuwa amepata fremu, chumba cha duka, mkabala na shule kubwa, ambako wateja wangemfuata wenyewe. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mwisho Ijumaa. Pikipiki ikiuzwa, fremu ni yetu. Isipouzwa, tunaendelea kushonea barazani, mvua ikinyesha tunakumbatia vitambaa.

Tatizo lilikuwa kadi ya umiliki. Siku ya kuinunua, baba alisema mwanamke asiye na mume akiandikwa kwenye kadi ya pikipiki, watu watasema. Shangazi akamheshimu kaka yake, likaandikwa jina la kaka. Hela zote za kwake, jina la baba! Kwa hiyo bila sahihi ya baba hakuna mauzo, na baba alilijua hilo vizuri mno.

"Niachie mimi niuze," akasema. "Wanaume tunajuana."

"Mafuta ulikuwa unaweka wewe?" shangazi akamuuliza.

Baba akanuna, lakini Jumatano mchana akaja na mteja. Miwani myeusi, shati limenyooka, maneno matamu. Mtu huyo hakutazama tairi, hakuuliza mnyororo ulibadilishwa lini, hata bei hakuomba apunguziwe. Moyoni nikasema, huyu hapana. Akabonyezabonyeza simu yake, akatuonyesha ujumbe kwamba pesa zimeshatumwa.

"Simu yangu haijalia," shangazi akasema, hata mguu hakuutoa kwenye cherehani.

"Mtandao unasumbua," baba akadakia. "Mpe funguo aijaribu, hela itaingia akiwa njiani. Huyu ni mtu wangu."

"Wako, si wangu. Anayeijaribu pikipiki yangu anaijaribu mimi nikiwa nyuma. Wiki hii nimepanda hivyo na watu watatu, hakuna aliyekufa."

"Wewe, na umri huo, umkumbatie mwanaume barabarani?"

"Nitashika chuma."

Akapanda. Makubaliano yalikuwa mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Walipofika kituoni, Miwani akaongeza mwendo.

"Geuza hapo!" shangazi akamwambia.

"Naisikiliza injini, mama."

Njia panda ya pili nayo ikapita. Shangazi hakupiga kelele. Aliinama, akapitisha mkono chini ya goti la yule bwana, akafunga koki ya mafuta. Kisha akakaa wima akasubiri. Injini ikamaliza matone yaliyobaki kwenye kabureta, ikakohoa, ikazimika mbele ya wafyatua matofali.

Miwani akapiga kiki mpaka shati likamganda mgongoni. "Shuka basi, mama, tusukume."

"Sishuki. Nimekaa kwenye mali yangu."

Wafyatua matofali wakasogea, makoleo mkononi, wakauliza kuna nini. "Muulizeni huyu alikuwa ananipeleka wapi," shangazi akajibu. Miwani akawatazama, akasema ana haraka, akaondoka kwa miguu bila kugeuka. Shangazi akafungua koki, akapiga kiki moja, akarudi zake.

Barazani baba alikuwa amefura. "Umenifukuzia mteja!"

"Hela yake iko wapi?" Shangazi akamwonyesha simu. Hakuna kilichoingia. Baba akampigia mtu wake mara tatu, na mara zote tatu simu imezimwa.

"Alikuahidi ngapi?" shangazi akamuuliza.

"Kidogo tu," baba akasema, akitazama sakafu. "Ya soda."

Niliona aibu, jamani, ni baba yangu yule. Shangazi akaitandaza fomu ya kuhamisha umiliki juu ya cherehani, katikati ya chaki na mkasi. "Weka sahihi. Usipoweka, nitaendelea kuiendesha, magoti yakifa yafe, na kila atakayeniuliza kwa nini, nitamweleza."

Baba akaweka.

Alhamisi akaja msambazaji wa mikate. Huyo alilala chini kuchungulia injini, akabishana bei mpaka nikamchoka. Akaijaribu, shangazi nyuma, wakarudi wanacheka. Wakaenda pamoja kwa wakala wa pesa za simu. Shangazi alisoma salio lake mwenyewe, akamwomba na wakala asome, ndipo akaachia funguo. Alirudi kwa miguu, na usiniulize kama alilia. Alilia.

Ijumaa tulikwenda kwa mwenye fremu. Baba naye akaja, amevaa koti, hakuna aliyemwita. Shangazi akalipa kodi. Mwenye nyumba akafungua kitabu cha mikataba, akauliza, "Haya, tuandike jina la nani?"

Baba akasafisha koo na kusogea mezani, kitambulisho tayari kiko mkononi.

Shangazi akaweka cha kwake juu ya kitabu. Akamsubiri mwenye nyumba aandike jina lote, herufi kwa herufi, kisha akachukua kalamu na kumpa baba.

"Wewe ni shahidi, kaka," akasema. "Shahidi anasaini pale chini."